Sikio la Mnyama wa Kwenye Saa

Siku wazee walipokaa kupanga mahari ya Frida, mambo yalikwenda vizuri mpaka yakaharibika, na aliyeyaharibu ni mnyama ambaye hakuna mtu wa Mkonze aliyewahi kumwona akitembea.

Posa ilikuwa imeshakubaliwa. Yotham, afisa mifugo kutoka Chamwino, alikuja na wazee wake, mbele yao baba yake, Mzee Abeli, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Upande wa Frida alikaa baba yake, Mzee Filipo, pamoja na majirani. Majirani, kwa sababu Mzee Filipo hakuwa na ndugu hata wa dawa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, baba yake akafuata, na yeye akakulia nyumba hii na nyumba ile. Kila shughuli iliyohitaji baba mkubwa au baba mdogo wa watoto, ilibidi aazime. Siku hiyo baba mkubwa wa Frida alikuwa fundi bomba wa mtaani, ambaye koti lake nalo lilikuwa la kuazima.

Frida alikuwa chumba cha pili na mama yake, Restuta, wakisikiliza kupitia pazia. Frida hukata tiketi stendi ya mabasi, na kazi ile imemzoesha kusikia maneno ya watu kumi kwa mara moja na kujua ni nani anayedanganya. Alisikia ng'ombe wakikubaliwa. Alisikia mbuzi wakikubaliwa. Alisikia blanketi la bibi likijadiliwa ingawa bibi hakuwepo duniani. Akamkonyeza mama yake, akaanza kupanga sahani.

Ndipo Mzee Filipo akafanya jambo alilolifanya katika kila kikao. Alichungulia jua dirishani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa saa ya fedha yenye mnyororo, saa ambayo mishale yake haijasogea tangu enzi za babu yake aliyebeba vyuma vya Mjerumani wa reli. Akaitazama kwa uzito, akasema, "Wazee, saa ya kula imefika."

Mzee Abeli hakusikia habari ya kula. Alikuwa ameukodolea macho mfuniko wa ile saa. Akapapasa ndani ya koti lake, akatoa saa ya kwake, akaiweka mezani kando ya ile nyingine. Frida akafunua pazia achungulie.

Saa zilikuwa mbili na nakshi zilikuwa moja. Kwenye kila mfuniko alisimama mnyama mwenye pembe zenye matawi, chini ya mti, jua likiwa nyuma yake. Chini ya kwato zake palikuwa na ngao tupu isiyoandikwa kitu, na pembeni majani yamezunguka kama shada la kanisani.

"Mpeni Mzee Daudi," mtu mmoja akasema.

Mzee Daudi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Maisha yake yote aliitwa huku na huko kutambua ng'ombe waliopotea, maana pande zile ng'ombe hana haja ya kueleza ni wa nani. Sikio lake linaeleza. Kila ukoo una mkato wake: huu hupasua ncha, ule hutoboa, mwingine humega ukingo wa chini. Mzee Daudi aliazima miwani ya fundi bomba, akazichukua saa zile. Hakuangalia pembe wala mti, na jua hakulijali. Aliangalia sikio.

"La kushoto limepasuliwa ncha," akasema. Akaigeukia ya pili. "Na hili pia. Mkato mmoja, mkono mmoja."

Mnyama mmoja, mkato mmoja. Mkato mmoja, kundi moja. Kundi moja, ukoo mmoja, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mzee Daudi alipanda ngazi yote hiyo bila kushika popote, akafika juu, akavua miwani.

Yotham akasimama. "Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Huyo si ng'ombe, babu. Huyo ni kulungu wa Ulaya."

"Una hakika?"

"Mimi ni afisa mifugo."

"Amevishwa hereni ya serikali?"

Yotham akainama kutazama, kana kwamba ingewezekana. "Hapana."

"Basi hayuko chini ya ofisi yako. Kaa."

Frida alitegemea baba yake acheke. Baba yake hakucheka. Mzee Filipo alikuwa amesimama, mikono ikining'inia, anamtazama Mzee Abeli kama mtu aliyeonyeshwa mvua mwezi wa nane. Mzee Abeli akafungua mikono. "Ndugu yangu!" akanguruma, na wazee wawili wakakumbatiana, na baba yake Frida, mtu ambaye hakulia hata zabibu zake zote zilipokaushwa na jua, akalia kwa sauti.

Chakula cha posa kikaliwa kama chakula cha kukutana ndugu. Frida alipopita na maji ya kunawa, Mzee Abeli alimshika mkono. "Mwanangu! Kuanzia leo niite baba mkubwa." Ng'ambo ya chumba Yotham alikuwa amekaa na vidole vinavyodondosha maji. Alikuja mchumba, na kabla hajakausha mikono alikuwa kaka.

*

Watu husema damu nzito kuliko maji. Hawasemi ni nzito namna gani ikishaingia nyumbani kwako kila Jumamosi na kukalia kiti kizuri.

Mzee Abeli alikuja kila Jumamosi kutoka Chamwino, na kazi ya kufasiri nakshi ikaanza. Wazee wa mtaa walileta viti vyao wenyewe. Jua lilichukua Jumamosi nzima: kama linachomoza, ukoo ulitoka mashariki, kama linazama, ulitoka magharibi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kutofautisha, ikakubaliwa kwamba babu alitoka asubuhi akafika jioni. Mti ulikuwa mahali pa kaburi. Majani yalikuwa mlenda, maana mnyama asingechorwa bila mboga.

Ile ngao tupu ndiyo iliyowasumbua.

"Babu alituachia nafasi tuandike majina yetu," alisema Mzee Filipo.

"Wewe mjinga," alisema Mzee Abeli. "Ngao ni tupu kwa sababu hakuna aliyewahi kutupiga hata mkuki mmoja."

"Mjinga ni wewe. Ngao isiyopigwa ni ya mtu anayekimbia."

"Mchoraji aliitwa kula," akakata shauri Mzee Daudi, "hakurudi."

Wakacheka mpaka wakapaliwa na ugoro. Frida alikuwa akifua nguo uani, na kile kicheko cha baba yake kilimuuma kuliko matusi. Hakuwahi kukisikia. Alifikiri baba yake ni mtu wa tabasamu tu.

Lakini harusi ni harusi, na umri hausubiri kikao. Frida akapanda basi la Kondoa, akiwa na picha za saa kwenye simu, kumtafuta fundi saa aliyesifiwa na makondakta wote. Jina lake Abdulwahab, mgane, mtu mrefu aliyekaa kwenye kibanda karibu na msikiti, peke yake kati ya saa za ukutani zilizokuwa zikibishana.

Abdulwahab alitazama picha, akatabasamu. "Dada, hizi zimetoka kiwandani. Mtu alichonga mnyama kwenye chuma kimoja, mashine ikawa inakigandamiza kwenye mifuniko, mfuniko baada ya mfuniko, kama muhuri. Hilo sikio ni kasoro ya chuma chenyewe. Ziko nyingi mno. Hata mimi ninayo moja."

Frida nusura ambusu. "Utakuja Mkonze Jumamosi uwaeleze?"

Akaja, kanzu imenyooka, kofia safi. Akawasalimu wazee vizuri, akaeleza habari ya chuma na muhuri bila haraka, na wazee wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha, ili kumaliza ubishi, akatoa saa yake mwenyewe.

Mzee Daudi akaomba miwani. Akaangalia sikio. Akanyoosha mikono miwili. "Karibu nyumbani," akasema.

"Wazee wangu," alisema Abdulwahab, "mimi ni Mrangi. Kwetu ni Kondoa. Mimi Muislamu, baba yangu Muislamu, babu yangu Muislamu."

"Pole sana," alisema Mzee Abeli kwa huruma ya kweli. "Lakini ng'ombe akipotea akapatikana, haulizwi alikuwa analala zizi la nani."

Wakamletea kiti. Wakamwomba achinje mbuzi yeye, ili ukoo wote ule kwa amani. Abdulwahab alimtazama Frida, Frida akatazama chini, na kwa kuwa mbuzi alikuwa ameshafungwa na watu wana njaa, akachinja. Jumamosi iliyofuata alitokea tena. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa Mkonze hakuna mtu anayepita akitokea Kondoa.

Baada ya hapo mambo yakaingia kwenye simu. Kundi likafunguliwa, likaitwa Ukoo wa Sikio Lililopasuliwa, na picha zikaanza kumiminika. Bwana mmoja wa Manyoni alituma saa. Mama mmoja wa Singida alituma kopo la biskuti. Mwingine akatuma chupa ya pombe kali kutoka nje yenye mnyama yuleyule, na Jumamosi ile wazee walijadili kwa kina kama kiwanda cha pombe kialikwe kama ukoo au kama mtu binafsi. Sikio la mnyama wa chupa lilikuwa zima, kwa hiyo kikakataliwa, na Mzee Abeli akasema kwa huzuni kwamba ndiyo hivyo, si kila mtu anaweza kuwa ndugu.

"Twende tu bomani," alisema Yotham jioni moja, wakiwa wamesimama nyuma ya ofisi ya tiketi. "Tufunge ndoa ya serikali, yaishe."

"Na nani atasimama upande wangu? Baba yangu haji kwenye harusi ya ndugu kwa ndugu. Sitaolewa kama mtu aliyeiba kuku."

"Basi tunasubiri nini, Frida?"

Frida alimpenda mtu huyu, alimpenda mpaka alikuwa anajua mlio wa pikipiki yake kati ya pikipiki zote za stendi, na sasa kila alipomfikiria alilazimika kukumbuka kwamba kuna kopo la biskuti linalosema asimfikirie.

Kilichomfungulia Frida mlango ni ukaidi wake mwenyewe. Siku moja alimkuta Mzee Daudi akiota jua, akapiga goti, akamwamkia, akauliza kama mtu asiye na nia: "Babu, hivi kundi la ng'ombe likigawanywa, ndugu mmoja akahama, sikio linafanywaje?"

"Anayehama anaongeza mkato wa pili," alisema Mzee Daudi. "Kundi lake linakuwa jingine."

"Na watoto wao?"

Mzee Daudi alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwizi wa sheria. "Wakishakuwa makundi mawili," akasema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino, "watoto wao wanaoana."

Jumamosi ile Mzee Daudi akalitangaza jambo hilo mbele ya wote. Mmoja kati ya Filipo na Abeli achukue kisu, amwongezee mnyama wa saa yake mkato wa pili, na vijana waoane. Mchana huohuo, kazi ya dakika moja. Frida akasimama mlangoni.

"Kata wewe," alisema Mzee Abeli.

"Kwa nini mimi? Kata wewe."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa kwa lipi? Kwa tumbo?"

Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Abdulwahab akajaribu kusuluhisha, wote wawili wakamgeukia wakamwambia mdogo anyamaze. Kisu kikalala mezani, hakuna aliyekigusa, na Mzee Abeli akarudi Chamwino akiwa amenuna lakini ana furaha tele, maana kesho yake angekuwa na mtu wa kumnunia.

*

Jumatatu asubuhi Frida alimfuata baba yake kwenye zabibu. Mzee Filipo alikuwa akifunga matawi kwenye waya, mgongo umemwelekea.

"Baba, wewe si mtoto. Unajua zile saa zilipigwa mashine."

"Najua."

Frida alikuwa amejiandaa kwa mabishano marefu. Neno lile lilimwacha mikono mitupu.

"Nilijua tangu yule fundi alipoeleza," alisema baba yake. "Na Abeli anajua. Unadhani tumezeeka akili? Nikiongeza mkato, Abeli si ndugu yangu tena. Ni mkwe. Kwetu mkwe huli naye sahani moja. Humtanii. Ukimwona anakuja unafunga vifungo vya shati. Nimeishi umri wote huu, Frida, na watu wananiheshimu, wananiita mzee, wananiita mzee wa kanisa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa kwangu akaniita mjinga kwa mapenzi."

Waya ulilia kidogo alipoukaza. Frida alitaka kuwa na hasira. Alikuwa nayo njia nzima, ameibeba vizuri, na sasa hakuiona.

"Na mimi, baba?" akasema. "Mimi nifanyeje?"

Mzee Filipo aliendelea kufunga matawi, na Frida akaondoka akamwacha na zabibu zake.

Jumamosi iliyofuata wazee walipofika, walimkuta Mzee Filipo ameshakaa, kisu mkononi na saa magotini. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mzee Abeli aliingia na kelele zake, "Wewe mjinga, leo umeamka mapema, nani kafa?" kisha akaviona vile vifungo, akasimama pale pale kizingitini.

"Filipo," akasema. "Acha. Nitakata mimi."

"Wewe mikono inatetemeka. Utamkata pua."

Akaweka ncha ya kisu kwenye sikio la mnyama na kukandamiza. Fedha ni laini, haikupiga kelele. Mzee Daudi aliletewa miwani, akatazama, akasema, "Mikato miwili. Makundi mawili," na sauti yake haikuwa na raha yoyote.

Mzee Filipo akasimama. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiushika kiwikoni. "Karibu, mkwe," akasema. "Habari za Chamwino?"

Mzee Abeli alifungua kinywa. Unajua kabisa alikuwa na neno mle ndani, neno zuri la kejeli, limeiva. Akalimeza. Akafunga kifungo cha koti, akauchukua ule mkono. "Njema, mkwe. Habari za hapa?"

"Njema."

Basi, Frida akawa amepata mume. Yotham alimtazama kutoka mlangoni, uso wote unang'aa, na yeye akajaribu kuurudisha ule mwanga lakini machozi yalikuwa yanamtangulia. Restuta akaleta chakula. Mara hii mikeka ilikuwa miwili. Wageni wa Chamwino walikaa huku, wanaume wa mtaa wakakaa nao, maana wageni huchangamshwa, na Mzee Abeli akala akiwa ameinamisha kichwa, kimya, kama mtu aliye msibani. Mzee Filipo akakaa kwenye mkeka wa pili na sahani yake. Kwa sheria ya Mzee Daudi, mnyama wake sasa hakufanana na mnyama yeyote, wa Manyoni wala wa Singida, wala wa mahali popote. Frida alimmiminia maji ya kunawa. Alitaka kumwambia asante. Neno lenyewe lilionekana dogo mno, kwa hiyo akaendelea kummiminia tu, mpaka maji yakafurika bakuli.

Abdulwahab alikuwa amesimama katikati ya mikeka miwili na nyama yake. Aliangalia mkeka wa wageni, akaangalia mkeka wa pili. Akaweka sahani chini. Akaenda mezani, akakichukua kile kisu, akatoa saa yake mfukoni.

"Fundi, unafanya nini?" Mzee Daudi akauliza.

Abdulwahab aliikagua ile saa kwenye mwanga, saa ambayo kati ya watu wote mle ndani yeye peke yake alijua ina thamani gani, na akamwongezea mnyama wake mkato wa pili sikioni. Kwa kuwa ni fundi, mkato wake ulitoka mzuri kuliko wa Mzee Filipo. Kisha akakusanya kanzu, akakaa kwenye mkeka wa Mzee Filipo, akavuta sahani moja katikati yao.

Mzee Filipo aliichukua ile saa, akaitazama kwa muda. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka shingoni, akafungua kifungo kimoja.

"Wewe mjinga," akasema. "Umeharibu saa nzima namna hii."

"Mjinga ni wewe," alisema Abdulwahab. "Kula, nyama inapoa."